Harufu ya yai bovu kwenye gari langu la Kiitaliano: mimi na mama mkwe tulivyofichiana aibu

Wakuu, salamu kutoka Goma, huku kwenye mawe meusi.

Nyuzi za magari humu nimezisoma miaka mingi bila kuandika hata mstari. Leo na mimi naleta ya kwangu. Chumvi sitaongeza, na hata nikitaka siwezi, maana mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila sentensi. Nikizidisha ananifinya.

Watu wa huku nitawaandika wanavyosema wenyewe. Kiswahili chetu mnakijua, mutavumilia.

Mimi ni Idi. Nauza matairi na minyororo ya pikipiki hapa Mabanga. Baba yangu alikuja kutoka Maniema na biashara ya vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Sisi ni Waislamu.

Mke wangu ni Solange. Wao ni watu wa upande wa Bukavu, Wakatoliki wa misa ya kwanza. Mama yake, Mama Adela, alikuwa karani maisha yake yote. Hata leo amestaafu, ukimwambia neno anakutazama kama vile umesahau kupiga muhuri.

Sasa gari.

Ni gari la Kiitaliano la michezo, milango miwili, la miaka ya tisini. Chapa sitaitaja. Nawajua, nikiitaja uzi utageuka vita vya mashabiki na hakuna atakayenisikiliza tena.

Nililikuta kwenye karakana ya familia ya mfanyabiashara mmoja aliyefariki. Lilikuwa limefunikwa turubai, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Wenye mali walikuwa wanataka nafasi tu. Mimi nilikuwa natafuta pick-up ya kubebea matairi.

Nikaondoka na gari ambalo haliwezi kubeba hata tairi moja.

Wakuu, siwezi kueleza. Ukiliwasha asubuhi linakohoa, linasita, halafu linaanza kuimba. Mtaa mzima wanajua Idi ameamka. Barabara zetu ni za mawe ya volkano na gari lenyewe limelala chini kama mjusi, kwa hiyo naendesha huku nimekunja uso, kila jiwe nalisikia mgongoni mwangu. Lakini nalipenda. Mpaka leo nalipenda.

Mama Adela hakulipenda. Wala mimi hakunipenda sana.

Dini ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili aliisema mbele ya wajomba wote siku ya kujitambulisha, mimi nimekaa palepale nimeinamisha kichwa:

"Mutu mwenye anapanga kuzaa hawezi nunua motokari ya milango mbili."

Wajomba walicheka. Yeye hakucheka.

Tulioana hata hivyo. Aliniita Monsieur Idi. Si mukwe, si jina la nyumbani. Monsieur, kama mtu aliyekuja kuomba cheti.

Na huku kwetu mama mkwe ni heshima kubwa. Humkazii macho, hupaazi sauti mbele yake, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Shikeni hapo, maana ndipo shida yote ilipojificha.

Mwaka jana tukajaliwa mtoto wa kiume. Jina lilileta mvutano kidogo, wao na la kwao, sisi na la kwetu, mwisho tukakubaliana Amani. Linapita msikitini na linapita kanisani.

Siku ya kutoka materinite, yaani wodi ya wazazi, nikaenda na gari langu. Mama Adela akakaa mbele, Solange na mtoto wakajibana kwenye vile viti vya nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kupanda gari langu. Nilikuwa nimelipangusa mpaka chini ya mikeka.

Tukaingia kwenye foleni. Mwendo wa kusukumana, unasimama, unasogea.

Ikaja harufu.

Wakuu, si harufu ya kubahatisha. Yai bovu. Yai lililosahauliwa.

Mama Adela akageuka nyuma taratibu, akamtazama mjukuu wake kwa mapenzi.

"Ee, Amani! Muzee wangu, umeanza mapema hivi?"

Tukacheka wote. Solange akamfungua mtoto nepi aangalie.

Safi. Kavu kabisa.

Niliyaona macho ya Solange tu kwenye kioo, yananitazama mimi.

Nikafungua dirisha.

Nikaisahau siku hiyo. Baadaye ikaja Jumapili moja ya mvua kubwa, na Solange akaniomba nikamchukue mama yake kanisani. Nilisimama nje ya geti na lile gari langu linaloimba, waumini wanatoka wananitazama, mimi na kofia yangu ya msikitini. Mama Adela akapita katikati ya miavuli ya wenzake, akaingia haraka haraka kama mtu anayejificha.

Tulikuwa wawili tu. Hakuna mtoto.

Kwenye kilima kidogo karibu na kwake, harufu ikarudi. Nzito kuliko ya kwanza.

Mimi najijua. Sijafanya kitu. Nikakaza macho barabarani.

Yeye akafungua pochi, akatoa leso, akajifuta paji la uso na kuiacha leso hapo hapo karibu na pua. Kulikuwa na baridi ya mvua, hakuna jasho la kufuta.

Nikaanza kuongea juu ya mvua. Mvua ya mwaka huu, mvua ya mwaka jana, mvua ya Kindu aliyokuwa akiisimulia baba. Sijui niliongea nini.

Tulipofika akashuka, akashika mlango, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Merci, Monsieur Idi. Ukunywe maji mingi."

Akaenda zake.

Nilirudi nyumbani nikalikagua gari zima. Nilikuwa na wazo kwamba labda kuku wale waliacha yai chini ya kiti. Nikatoa viti, nikatoa mikeka, nikaingiza mkono mpaka kwenye mashimo ya mikanda. Nilipata sarafu ya zamani na manyoya ya kuku. Yai hakuna.

Basi. Kama si mtoto, si yai, na si mimi, amebaki nani?

Nilijisikia vibaya, wakuu. Si kwa kuchukia. Mama wa watu, mjane, anaumwa tumbo na hana wa kumwambia, halafu amefungiwa kwenye kigari kidogo pamoja na mkwe wake. Fikirieni aibu hiyo.

Nikaamua kumfichia. Nikamwambia Solange juu juu tu kwamba mama amechoka kidogo, apumzike, tena ingefaa amuone docteur. Solange akaniuliza kwa nini. Nikasema ni umri.

Wakati huo huo, mambo ya ajabu yakaanza kuja kutoka kwa mama mkwe.

Kwanza chupa ya chai ya tangawizi, amenitumia mimi. Halafu majani fulani ya kuchemsha. Halafu akaja nyumbani kumwogesha mjukuu, akaingia jikoni, nikamsikia anamwambia Solange:

"Bwana yako usimupe tena maharagi."

"Juu ya nini, mama?"

"Usimupe tu."

Maharagi, wakuu! Mtu wa Goma umnyime maharagi! Nilikula wali na lengalenga, mchicha wetu wa huku, siku nyingi, sijui kosa langu. Nikajua sasa mama huyu ameanza kuniadhibu waziwazi.

Solange ananiambia sasa hivi niandike kwamba yeye alidhani sisi wawili tumegombana. Nimeandika.

Tukija kwenye gari lenyewe, nalo lilikuwa linabadilika. Nguvu zilipungua. Likipanda kilima linahema. Likisimama linatetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa anayekataa kulala. Na kwenye dashibodi kuna taa moja yenye maneno ya Kiingereza, Slow Down. Yaani gari lenyewe linakuomba upunguze mwendo. Ile taa ikaanza kuwaka, inazimika, inawaka.

Nikaenda kwa fundi wangu, Papa Kambale. Ni mtu mchangamfu, anapenda gari hili kama mimi, kila likiingia garaji anaacha kazi zote. Akaitazama taa, akacheka.

"Iyo taa inasema bongo."

Wa Dar msinune, kwetu bongo ni uongo.

"Motokari za aina hii zote ziko vile," akasema. "Kawaya kake kanachokaga, inaanza kulia ovyo. Tutaikata tu. Urudi kesho, leo niko na Fuso ya watu."

Na kwa kweli hata mimi nilikuwa nimesoma humu humu kwamba taa hiyo kwenye magari haya ya zamani ni mwongo maarufu. Nikatulia.

Kesho yake sikurudi garaji, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya Kibumba.

Mama Adela alitaka viazi, kabichi na maziwa ya Kibumba kwa ajili ya Solange, mwenye kunyonyesha. Ya sokoni hakuyataka, alitaka ya kule kule shambani kwa mwanamke anayemjua. Magoti yake hayawezi pikipiki tena. Njia ilikuwa tulivu siku zile. Solange akaniambia, "Umupeleke mama." Nikasema taa inawaka. Akasema, "Si ulisema inasema bongo?"

Tukaondoka asubuhi. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, barabara ya Rutshuru inapanda tu kuelekea baridi. Mama Adela alikuwa amevaa vizuri, blauzi na kitenge cha kijani chenye ndege, na kitenge cha pili cha aina ileile amejifunga juu yake, kama wamama wa heshima wanavyovaa.

Tulipita bariyeri, kile kizuizi cha barabarani. Tukaanza kupanda. Taa ikawaka, nikaipuuza.

Harufu ikaja.

Safari hii hakutoa leso. Akaweka mikono juu ya pochi, akasema:

"Monsieur Idi."

"Ndiyo, mama."

"Niko na neno. Kama ni mukwe na mama mukwe, siwezi kuisema. Basi tuseme ni mama na mutoto. Utanisikia?"

"Nitakusikia, mama."

"Tumbo yako inakuluma tangu wakati gani?"

Wakuu, mikono yangu ilikaribia kuacha usukani.

Kabla sijajibu akaendelea, anatazama mbele, sauti yake imeshuka.

"Papa ya Solange alikuwa anaficha. Alikuwa anafungua dirisha, anasema ni joto. Ni Bukavu, joto gani? Mi nilikuwa najua kama iko kitu, nikanyamaza, juu ya heshima. Nilikuwa naogopa kumuletea haya. Siku alikubali kusema, docteur akasema tumechelewa. Tulikuwa tunalala kitanda moja, Idi, na sikumuuliza."

Aliniita Idi. Nadhani hata yeye hakujua.

"Solange angali mutoto. Amani angali ananyonya. Sitaki mutoto wangu akae mujane sababu ya haya. Njo maana nakuuliza."

Basi chai zote zile. Majani. Maharagi. Hakuwa ananiadhibu. Mama huyu alikuwa anaogopa.

Mambo mawili yalinipitia kichwani. Moja, mimi ni mzima kama tairi jipya. Pili, kama mimi ni mzima, basi ni yeye anayeumwa. Na labda anazunguka ili anieleze ya kwake kupitia kwangu. Nikimwambia "si mimi, mama", nitakuwa nimemwambia nini? Nimemwambia "ni wewe". Mama mwenye umri ule, ametoka kunifungulia kifua hivyo, mimi nimrudishie aibu usoni?

Nikasema:

"Ndiyo, mama. Ni mi. Inanisumbuaka kidogo."

Akavuta pumzi ndefu.

"Asante kwa kusema. Kesho tutaenda kwa docteur, mi na weye. Solange hatajua mupaka tujue ni nini."

"Ndiyo, mama."

Nikajisemea moyoni, vizuri, kesho tukifika kwa docteur nitaomba na yeye apimwe.

Lakini gari halikutufikisha mbali. Nakanyaga mafuta, halivuti. Nakanyaga mpaka chini, linahema tu. Mtu mmoja alikuwa anasukuma chukudu tupu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, kupanda mlima, akatupita, akatusalimia.

Karibu tunaingia Kibumba nikaliweka pembeni, chini ya mikalitusi. Majani makavu yalikuwa yamejaa pale kama zulia. Nikazima, nikashuka, nikafungua boneti. Mama Adela naye akashuka kunyoosha magoti.

Kwenye injini sikuona kitu cha ajabu. Joto tu.

"Idi," nikamsikia. "Moshi."

Moshi haukutoka mbele. Ulitoka katikati, chini ya tumbo la gari. Nikapiga magoti nikachungulia.

Wakuu, kile chungu cha chuma kinachokaa kwenye bomba la ekzosi kilikuwa chekundu. Chekundu kama makaa ya mchoma brosheti, mishikaki yetu. Na majani makavu chini yake yalikuwa yameshaanza kushika, ulimi mdogo wa moto unatembea kuelekea kwenye tenki.

Nilikuwa na kichupa cha maji ya kunywa. Nikakimwaga, kikafanya tss, basi.

Nikasimama pale, nakiri, kama mti. Nikawa nalitazama gari langu linaanza kuungua.

Mama Adela hakusimama kama mti.

"Ingia! Toa mukono! Iache irudi nyuma!"

Nikaruka ndani, nikateremsha breki ya mkono, gari likaanza kurudi nyuma lenyewe na mteremko, nikalipeleka kwenye mawe meusi ya lava ambako hakuna jani hata moja.

Kupitia kioo cha mbele nikamwona mama mkwe wangu, karani mstaafu, mwenye magoti mabovu, anafungua kitenge chake cha juu na kuanza kuupiga ule moto uliobaki kwenye majani. Anapiga huku anasema "Yesu! Maria! Yesu! Maria!" kila pigo na jina lake. Ndege wa kijani wanapanda na kushuka kwenye moshi.

Nilipomfikia moto ulikuwa umekwisha. Tukamalizia na udongo kwa viatu.

Kitenge kilikuwa na tundu kubwa katikati, kingo nyeusi. Alibaki na kile cha chini, amejistiri vizuri tu, lakini nyie mnaojua mnaelewa mama wa aina ile kusimama barabarani mbele ya mkwe wake bila kitenge cha juu. Nikavua koti langu, nikageuza uso pembeni, nikamnyooshea. Akalifunga kiunoni kwa mikono miwili ya koti, fundo mbele.

Tukaenda kusimama mbali, kando ya barabara, tunahema. Gari liko kule kwenye mawe, limefunguliwa milango yote miwili, halina mtu.

Upepo ukageuka. Ukatoka upande wa gari, ukaja kwetu.

Yai bovu.

Kali, nzito, kuliko siku zote.

Nikamtazama Mama Adela. Mama Adela akanitazama. Kisha wote wawili tukaligeukia gari.

"Kumbe ni ye!" akasema, kidole kimenyooka. "Idi! Ni ye!"

Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ni kicheko kikubwa, cha kupiga mapaja, koti langu linamcheza kiunoni. Na mimi nikashindwa, nikakaa chini kwenye mawe.

Halafu akanigeukia.

"Ngoja kwanza. Weye si uliniambia ni weye?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Juu ya nini ulisema ni weye?"

"Mama... nilifikiri ni weye."

Akakaza fundo la koti kiunoni.

"Ulifikiri ni mi."

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

"Na ukakubali kubeba yote. Na kwa docteur ulikuwa unaenda."

"Ndiyo, mama."

Akatazama kule mlimani muda mrefu. Niliona anajifuta macho na pembe ya kile kitenge kilichoungua. Alisema tu, "Kuja tukae, mutoto wangu, magoti inaniuma," tukakaa kwenye jiwe moja, tukangoja chuma kipoe.

Fuso ya kabichi ndiyo iliyotuvuta mpaka Goma. Mama Adela alikaa mbele na dereva, mimi kwenye usukani wa gari langu, nyuma ya kamba. Na viazi alivipata. Kabla hatujafungwa kamba alimwambia dereva wa Fuso arudi kwanza Kibumba kwa yule mwanamke wake, hakukubali kurudi mikono mitupu.

Sasa ya ufundi, maana najua wengine mmesoma mpaka hapa kwa ajili hiyo.

Kile chungu chekundu ndicho nyie wa Dar mnaita masega. Sisi tunakiita katalizeri. Kazi yake ni kusafisha moshi. Papa Kambale alipolifungua gari vizuri, akakuta waya wa plagi moja umechoka, silinda moja haichomi. Mafuta ya silinda ile yalikuwa yanapita mabichi mpaka kwenye masega, yanakwenda kuungulia kule. Masega yakapata moto kupita kiasi, yakayeyuka ndani, yakaziba. Yakiziba moshi hautoki, ndiyo maana gari likakosa pumzi. Na harufu ya yai ni kiberiti kilichomo kwenye mafuta, hasa haya yetu ya bidoni, yanayouzwa kwa madumu barabarani, ambacho masega yaliyoelemewa hayawezi kukisafisha.

Na ile taa ilikuwa inasema kweli. Papa Kambale mwenyewe alikubali, akasema, "Basi ya kwako iko musema-kweli, angalia bahati." Hatukuikata.

Alitaka atoe masega yote, aweke bomba tupu. Mama Adela alikuwepo, siku hizi anakuja garaji. Akauliza, "Na ule moshi utaenda kwa nani? Kwa Amani?" Mjadala ukaisha. Tuliagiza masega ya kuchomelea kutoka Kampala, si ya gari hili lakini yanaingia, tukabadilisha waya zote za plagi na kuweka kinga ya joto chini. Sasa linapanda mpaka Kibumba bila kuhema.

Msikimbilie kubadilisha masega kabla hamjajua nini kimeyaua. Ukiweka mapya na silinda bado haichomi, utayaua tena. Na usiegeshe gari lenye joto juu ya majani makavu. Hiyo naiandika kwa herufi za moto.

Kwa docteur tulikwenda. Mama Adela alisema tumeshasema tutaenda, basi tunaenda, wote wawili. Tumbo langu zima, tumbo lake zima. Lakini presha yake ilikuwa juu sana, wala hakuwa anajua. Sasa anameza dawa kila asubuhi, na Solange anasema lile gari bovu ndilo lililomwokoa mama yake. Mimi nakubali, ingawa najua anasema hivyo ili nisiliuze, maana baada ya ule moto nilianza kusema nitaliuza.

Kile kitenge chenye tundu alikikata, akamshonea Amani kanzu ndogo. Kanzu, wakuu. Mama wa misa ya kwanza. Aliileta mwenyewe Ijumaa, imekunjwa vizuri, akasema ni ya kwenda nayo na baba yake msikitini.

Nilichojifunza? Kuhusu gari nimeshasema. Kuhusu watu, nimejifunza kwamba heshima ni nzuri lakini ina upande unaoweza kuua mtu. Mama Adela alinyamaza kwa mume wake, na akakaa na kimya hicho miaka yote. Kwangu mimi alivunja kimya, na akakosea kabisa, maana sikuwa naumwa. Lakini ni kosa ambalo sitalisahau, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniogopea kiasi kile.

Kama kuna mtu nyumbani kwako unahisi anaficha kitu, muulize. Ukikosea, mtacheka.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wajuzi wa magari ya Kiitaliano, nisahihisheni nilipokosea kwenye masega. Na nyie wengine semeni ukweli: gari lako liliwahi kukupa ishara gani, wewe ukamsingizia mtu?